Mwanangu Asema Ibada za Shuleni ni Kuitwa Majina Tu: Je, Anakuwa Mnafiki?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mwanangu ana umri wa miaka 15 na anaingia kidato cha pili katika shule ya sekondari ya bweni iliyo chini ya kanisa. Tulimpeleka huko ili akue katika imani, tukilishika neno la Mithali 22:6. Likizo hii ameniambia kwamba hana tena hamu ya ibada za asubuhi na jioni, kwa kuwa kwake ni kama kuitwa majina: mtu anakwenda ili asiadhibiwe. Aliniuliza kama kusali namna hiyo si unafiki, nami sikuwa na la kumjibu. Baba yake anataka, kabla shule haijafunguliwa, kijana aweke nadhiri mbele za Mungu kwamba mwaka huu atahudhuria ibada zote kwa moyo na kufaulu mitihani yake. Je, mwanangu amekuwa mnafiki? Tulikosea kumpeleka huko? Na nadhiri hiyo inafaa?

JIBU

Amina, Mama. Kijana aliyeyasema hayo kwa mama yake mzazi, badala ya kuyaficha mpaka siku ya kurudi shuleni, bado anakuamini, na hilo peke yake ni jambo la kumshukuru Mungu. Kwa ufupi nakujibu hivi: mwanao si mnafiki, hamkukosea kumpeleka huko, na nadhiri hiyo msimwekee. Lakini majibu mafupi hayatamsaidia yeye anayesubiri kusikia kutoka kwako, kwa hiyo nitaeleza.

Bwana wetu aliposema juu ya wanafiki katika Mathayo 6:5, aliwataja watu wanaopenda kusali wakiwa wamesimama katika masinagogi na katika pembe za njia ili waonekane na watu. Mnafiki ana anachokitafuta, nacho ni sifa. Mvulana anayeingia kanisani alfajiri akipiga miayo, shati halijachomekewa vizuri, akaimba ubeti wa kwanza na kusinzia katika wa pili, hatafuti sifa ya mtu yeyote. Huo ni udhaifu, na kwa udhaifu wa namna hiyo Bwana aliwaambia wanafunzi wake waliolala Gethsemane kwamba roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu. Aliwaamsha, akawaagiza wakeshe waombe, wala hakuwaita wanafiki. Ningekuwa na hofu kubwa zaidi kama ungeniandikia kwamba mwanao amejifunza kuomba kwa maneno mazuri mbele ya walimu ili achaguliwe kuwa kiongozi. Katika Mathayo 21 upo mfano wa wana wawili: mmoja alimwambia baba yake kwamba hataki kwenda kufanya kazi shambani, baadaye akajuta na kwenda, na wa pili aliitikia kwa heshima zote lakini hakwenda. Mwanao, kwa kusema wazi lililomo moyoni, yuko karibu zaidi na yule wa kwanza, nawe huna sababu ya kumfanya awe kama wa pili.

Mwambie pia kwamba kwenda ibadani kwa mazoea si jambo la kudharauliwa. Luka 4:16 inasema kwamba Yesu mwenyewe aliingia katika sinagogi siku ya sabato kama ilivyokuwa desturi yake. Yako majira ambayo mtu hana neno lake mwenyewe la kumwambia Mungu, naye hushikiliwa na Zaburi aliyoizoea na kwa sala ya Bwana aliyoikariri utotoni. Ratiba ya shule inaweza kumpa kijana hayo. Kisichoweza kutolewa na ratiba ni imani yenyewe, na hapa ndipo ninapofika kwenye swali lako la pili, ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote.

Soma tena, ikiwezekana pamoja naye kabla hajaondoka, sura tatu za kwanza za Samweli wa Kwanza. Hana, mama yake Samweli, alimpeleka mwanawe Shilo akiwa mdogo, mara tu alipoachishwa ziwa, na mtoto akakulia katika nyumba ya Bwana, akivaa naivera ya kitani, yaani vazi la kikuhani, na kumtumikia Mungu mbele ya kuhani Eli. Usiku alilala katika hekalu la Bwana, palipokuwa na sanduku la Mungu. Hakuna shule ya Kikristo popote duniani inayoweza kumweka mwanafunzi karibu na mambo matakatifu kuliko hapo. Hata hivyo, 1 Samweli 3:7 inatamka bila kuficha kwamba Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado, wala neno la Bwana halijafunuliwa kwake. Alikuwa akitumika kila siku, naye hakuijua sauti ya Yule aliyekuwa akimtumikia, hata alipoitwa kwa jina lake alidhani ni mzee Eli anayemhitaji, akatoka mbio kwenda kwake.

Katika nyumba hiyo hiyo walikuwamo Hofni na Finehasi, wana wa Eli, ambao nao maandiko yanasema hawakumjua Bwana. Lakini tazama tofauti. Wao waliidharau dhabihu: mtumishi wao alikuja na uma wa meno matatu mkononi, akauchoma ndani ya sufuria nyama ilipokuwa ikitokota, na mtu aliyeomba mafuta yateketezwe kwanza alitishiwa kunyang'anywa kwa nguvu. Samweli hakudharau kitu. Alikuwa tu hajaitwa. Kwa hiyo ukisikia kijana anasema kwamba ibada haimgusi, jiulize kwanza kama unasikia dharau ya Hofni au unamwona Samweli kabla ya usiku ule. Kwa maelezo yako, sioni dharau. Naona kijana aliyeanza kutambua kwamba kuwa ndani ya nyumba ya Mungu na kumjua Mungu si jambo moja, na utambuzi huo wengine huupata wakiwa na mvi.

Basi hamkukosea kumpeleka. Mngekosea kama mngedhani kwamba kwa kumpeleka mmemaliza, na hapa niruhusu nikuseme kidogo, Mama, kwa upendo. Mithali 22:6 inamwambia mzazi amlee mtoto katika njia impasayo. Ni hekima inayoonyesha jinsi malezi mema yanavyozaa matunda kwa kawaida; si hati ya mkataba kwamba mtu akilipa ada imani itakabidhiwa mwisho wa kidato cha nne. Na Kumbukumbu la Torati 6:7 iliwaagiza wazazi wa Israeli kuyanena maneno ya Mungu kwa watoto wao waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo. Shule husaidia kazi hiyo lakini haiwezi kuichukua. Hana alilijua hilo. Imeandikwa katika 1 Samweli 2:19 kwamba mwaka kwa mwaka, alipokwea na mumewe kutoa dhabihu, alimletea Samweli kanzu ndogo aliyomfanyia. Mama asiyemwona mwanawe mwaka mzima ilimpasa akae na kitambaa mkononi akiwaza: sasa mabega yamefika wapi, mikono imerefuka kiasi gani? Ile ya mwaka uliopita isingemtosha tena.

Nawe utaona jambo hilo utakapomjaribisha sare na kukuta suruali imepanda juu ya vifundo vya miguu. Maneno uliyompa alipokuwa anaingia kidato cha kwanza, kama kumwambia asali na kuwatii walimu, hayamtoshi tena mwaka huu. Anahitaji mama anayeweza kuulizwa swali gumu na kusema, "Sijui, tusome pamoja." Anahitaji kusikia jinsi wewe unavyosali unapokuwa umechoka. Na siku ya kumtembelea, usianze na nafasi aliyoshika darasani. Muulize ni jambo gani amekuwa akimwomba Mungu, na akikujibu kwamba hakuna, usikasirike.

Mtafute pia mchungaji au mwalimu mlezi wa dini hapo shuleni, uzungumze naye kwa faragha, bila kumshtaki mtoto. Eli alikuwa na macho hafifu na nyumba yenye aibu, lakini Samweli alipomjia mara ya tatu alitambua kwamba anayemwita kijana ni Bwana. Hakujifanya kuwa yeye ndiye sauti, wala hakumhutubia. Alimfundisha sentensi moja, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia," akamwambia arudi akalale. Mwalimu anayeweza kufanya hivyo ni zawadi kubwa kwa shule. Kwa upande mwingine, kama pale wachelewaji hupigishwa magoti kanisani au kupewa Zaburi ya kukariri kama adhabu, sema nao kwa heshima lakini usinyamaze. Shule ina haki ya kuwa na utaratibu, na asiyehudhuria anaweza kupewa kazi ya kufagia uwanja. Ila sala isigeuzwe kuwa fimbo, kwa sababu mtoto atakayeijua sala kama adhabu atakuja kuikimbia akiwa mtu mzima.

Kuhusu masomo nitasema machache. Katika Danieli 1 tunasoma kwamba Danieli na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, watu wa Babeli, kwa muda wa miaka 3, na kwamba Mungu ndiye aliyewapa maarifa na ujuzi katika elimu hiyo. Walikataa kujitia unajisi kwa chakula cha mfalme, hawakukataa kusoma. Mwanao asidhani kwamba anamtumikia Mungu kanisani tu, kisha darasa la hesabu ni shughuli nyingine. Kijana anayefanya zoezi lake bila kunakili la jirani anamheshimu Mungu, hata katika wiki ambayo wimbo wa asubuhi haukumgusa.

Hapo ndipo nadhiri ya baba yake inapoleta shida. Hana aliweka nadhiri ya kumtoa mwanawe kwa Bwana, ni kweli, lakini aliiweka mwenyewe, kwa uchungu wa nafsi yake, na aliitimiza mwenyewe. Hapa baba anataka kinywa cha mwana kiahidi kitu ambacho mwana amekwisha kusema hana, yaani moyo, pamoja na matokeo ya mitihani, ambayo hakuna mwanafunzi anayeyamiliki kabla hajaketi kufanya mtihani. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiitimize. Akishindwa mwezi wa pili, atajiona amemdanganya Mungu, na unafiki anaouogopa leo mtakuwa mmemfundisha ninyi. Mweleze baba yake hivyo kwa upole, maana nia yake ni njema.

Badala ya nadhiri, ombeni pamoja naye kabla hajapanda gari, na yeye aombe kwa maneno yake. Agostino (354–430), ambaye baadaye alikuwa askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu kwa bidii asichapwe shuleni, na watu wazima, hata wazazi wake wasiomtakia mabaya, walimcheka. Aliyakumbuka hayo akiwa askofu. Kwa hiyo mwanao akiomba tu apangiwe bweni moja na rafiki yake, au mwalimu fulani asimfundishe tena mwaka huu, msimsahihishe. Semeni Amina.