Mleta uzi, usitoe grafu hiyo kabla hujalilainisha puto

Simama hapo hapo. Umeandika kwamba umeshateremsha ozoni ya MLS, kile kipimaji kilicho kwenye setilaiti ya Aura, na data za maputo ya kupima ozoni yanayorushwa Nairobi. Kwamba usiku huu unaziweka kwenye vimo sawa, unatoa hii kwa hii, na asilimia itakayobaki ndiyo kosa la setilaiti. Wallahi nimesoma sentensi hiyo mahamri yakapoa mkononi. Hilo ndilo kosa langu mimi, hivyo hivyo ulivyoliandika, na lilinila muhula mzima.

Nilikaa miezi mitano chumbani Kisauni nikichoma bando za usiku. Grafu ikatoka imependeza kama gari la harusi: mstari mwekundu wa puto, wa buluu wa setilaiti. Juu ya kilomita 22 inakwenda sambamba. Ikishuka kwenye kilomita 17 hivi, pale tropopozi yetu ya ikweta ilipo, yaani mpaka kati ya hewa ya chini yenye mawingu na stratosfia iliyo juu yake, inaachana kwa asilimia 40, siku nyingine zaidi. Nikaandika kwa herufi nzito: setilaiti haifai kuaminiwa katika stratosfia ya chini. Msimamizi wangu, ambaye ndiye aliyeniambia "ukishasawazisha vimo umemaliza kazi", akasoma akasema safi sana, peleka. Mungu amsamehe. Mimi nitamsamehe nikishamaliza deni la karo.

Siku ya kuwasilisha, mama mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono. Swali moja tu: "Puto umelilainisha?" Nikajibu, ndiyo, ni la mpira, laini kabisa.

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka nao, kwani ningefanyaje. Muhula ukarudiwa, na zamu ya mama yangu kwenye mchezo wao wa akina mama ikaishia ofisi ya karo.

Sasa sikiliza alichokuwa akiuliza. Puto hubeba sondi yenye pampu ndogo inayovuta hewa na kuipitisha kwenye maji ya iodidi ya potasiamu. Ozoni ikigusa maji hayo hutoka umeme kidogo, na umeme huo ndio kipimo. Sondi huchukua sekunde 20 hadi 30 kuitikia, na puto hupanda kama mita 5 kwa sekunde, kwa hivyo inaona tabaka nyembamba za mita 100 au 150. MLS iko kama kilomita 700 juu, inatazama ukingo wa angahewa kwa ubavu. Kila namba inayokupa imechotwa kwenye unene wa kilomita 3 hivi, na upana wa mamia ya kilomita. Chukua kanga: ukiishika mkononi unasoma jina lake. Aliyesimama ng'ambo ya kivuko, Likoni, anaona rangi tu. Utamwita mwongo kwa kuwa hakusoma jina?

Na pale kilomita 17 ndipo inapouma zaidi, kwa sababu ozoni hapo inapanda kama ngazi. Kwenye 100 hPa (hektopaskali, presha ya hewa, nayo hupungua kadiri unavyopanda) ni takriban sehemu 0.1 katika milioni; ukifika 10 hPa ni karibu 10. Mara mia! Ukichukua wastani wa kilomita 3 mahali palipoinuka hivyo, ozoni ya juu inamwagikia chini. Asilimia 40 yangu sehemu kubwa ilikuwa hiyo. Setilaiti haikukosea, niliyekosea ni mimi.

Kwa hivyo: lipe puto macho ya setilaiti kwanza, huko ndiko kulilainisha, ndipo ulinganishe. Punguza data za sondi zikae kwenye ngazi za presha za MLS kwa njia ya miraba midogo kabisa (least squares). Kuokota nukta iliyo karibu, hapana. Halafu ondoa humo makisio ya awali ya MLS, yaani ozoni iliyokisiwa kabla ya kupima, zidisha kinachobaki kwa kerneli zake, yale majedwali yanayoonyesha kila namba yake imechota kiasi gani kutoka kila kimo, kisha urudishe yale makisio. Kerneli hazimo ndani ya faili la kila siku, ndiyo maana mimi sikujua hata kama zipo. Zimewekwa kando, seti moja ya ikweta na nyingine ya nyuzi 70 Kaskazini. Nairobi unachukua ya ikweta. Puto hupasuka kwenye kilomita 30 na kitu, kwa hivyo ngazi za mwishomwisho usizitolee hukumu.

Yule bwana wa video naye, mwenye "linganisha setilaiti na puto kwa dakika kumi", sijui alimlinganishia nani. Nimemwandikia maoni mara tatu. Anafuta.

Na presha ikizidi 261 hPa usiiguse ozoni ya MLS, na profaili (safu ya vipimo vya toka chini hadi juu) yenye alama ya hali, ile namba ya kuonyesha kama vipimo vinafaa, ambayo ni witiri itupe. Nilizitumia zote. Usiniulize zilitokeaje.

Uliuliza pia kama ni lazima uende Nairobi. Usipande basi. Data za maputo hayo ziko bure kwenye SHADOZ, mtandao wa vituo vya tropiki vinavyopima ozoni kwa puto, ulioanza 1998. Nauli hiyo nunua bando, ufanye hesabu ya kerneli leo leo, kisha uweke hapa grafu mbili, kabla na baada, tuzione kabla msimamizi wako hajakuambia safi sana.