Agosti kutangulia Januari kwenye jedwali la omena

Dada, umeuliza kwa nini ripoti yako ya mauzo ya omena (PivotTable, yaani jedwali la muhtasari la Excel) inaweka Agosti kabla ya Januari. Excel haijaharibika. Miezi uliyoandika kwa Kiswahili inaiona kama maneno tu, na kuyapanga kwa alfabeti, ndiyo maana chini ya soko la Kibuye, na chini ya soko la Ahero vilevile, inaanza Agosti, Aprili, Desemba. Kwenye data yenyewe, si kwenye ripoti, andika 01 Januari, 02 Februari, hadi 12 Desemba. Sifuri usiiache, la sivyo 10 Oktoba itakaa mbele ya 2 Februari. Kisha rudi kwenye ripoti, bofya Refresh ili isome data upya, na upange miezi A hadi Z.

Ukitaka soko lenye mauzo makubwa litangulie, bofya kulia kwenye jumla ya soko ndipo upange. Ukipanga kwa kubofya kiasi cha mwezi, utavuruga miezi tena, na bosi anasubiri ripoti.