Klabu ya picha kwa mwenye simu tu

Dada, umeuliza kama klabu ya picha inamfaa mwenye simu tu. Inamfaa sana! Njoo matembezi ya alfajiri Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, dagaa wakishushwa. Saa kumi na mbili na nusu mwanga ni laini. Ikifika saa tatu jua limeshakausha rangi zote. Ila omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, wale wako kazini. Siku nyingine tunapanda boti kwenda kisiwa cha Saanane kuwavizia pimbi kwenye mawe, au tunakwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi wa sita, ngoma za tamasha la Bulabo zikirindima. Jioni tunakosoana picha, na hapo ndipo nilipojifunza hasa. Kazi za harusi nazo hupatikana humo humo: mwenzako akizidiwa, anakuita umsaidie.