Slemish: mlima wa saa moja, na hesabu iko kwenye kushuka

Mhariri, swali lenu la wiki ni hili: mlima gani mfupi, wa nusu siku, unastahili safari ndefu, na mtu ajiandaeje? Jibu langu ni Slemish, kaunti ya Antrim, Ireland ya Kaskazini.

Kimo chake ni mita 437 tu. Kutoka maegesho ya magari hadi kileleni unapanda mita 180 hivi, na kwenda na kurudi ni kama kilomita moja na nusu. Hesabu hizo ndizo zinazowaponza watu. Wanaona saa moja ya kutembea, wanakuja na raba zilizolika soli, kisha wanajikuta juu ya mawe yaliyolowa wasijue mguu waushushe wapi.

Ukielewa mlima ulivyotokea, utaelewa kwa nini ubavu wake ni wima na wa mawe. Yapata miaka milioni 60 iliyopita, lava ilitapakaa Antrim tabaka juu ya tabaka, ikaganda kuwa basalti. Uji wa moto uliobaki kooni mwa volkano ukapoa taratibu ukawa doleraiti, mwamba mgumu zaidi. Baadaye barafu ya zama za baridi ikakwangua ardhi iliyouzunguka, na kile kizibo kikabaki kimesimama peke yake. Batian na Nelion, vilele vya Mlima Kenya, ni vizibo vya namna hiyo hiyo, ingawa kwa kimo havina ulinganisho na Slemish. Ndiyo maana ubavu wa Slemish umesimama ghafla kutoka kwenye malisho, na huko juu ni mgongo mrefu wenye nyasi na mawe.

Mwanzo ni rahisi: njia ya nyasi hadi mguuni mwa mlima. Hapo mwinuko unaanza mara moja, na vijia vinagawanyika kati ya mawe. Usifuate kila aliyetangulia, maana wengine wanapanda pale palipo wima kwa sababu tu panaonekana pafupi. Kata mshazari, kushoto kisha kulia. Penye mwamba, viungo vitatu vishike kabla ya cha nne kusogea, yaani mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Lisukume jiwe kidogo kabla ya kuliegemea. Usikae moja kwa moja chini ya mwenzako, kwa kuwa jiwe analolilegeza litakuja kwako.

Kupanda ni dakika 30 hadi 40 kwa mtu wa kawaida. Kushuka ndiko kunakotegua vifundo vya miguu. Magoti yamechoka, macho yako kwenye mandhari, na nyasi zilizokanyagwa zimegeuka tope juu ya mwamba unaoteleza. Kabla hujaondoka kileleni geuka, utambue mahali ulipotokea, kwa sababu mgongo ni mrefu na ukungu ukishuka pande zote zinafanana. Hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo, na penye wima geuka uso uelekee mlimani ushuke kama unashuka ngazi. Fimbo ya kutembelea inasaidia kwenye nyasi. Kwenye mawe ifunge mkobani, unahitaji mikono.

Vaa buti zenye soli ya meno na zinazobana kifundo. Jinzi ziache nyumbani: pamba ikinywa maji haikauki, na upepo wa juu unakutoa joto haraka. Chukua koti la mvua, sweta ya sufu, maji lita moja na filimbi. Mwezi Desemba jua linazama saa kumi jioni hivi, kwa hiyo tochi ni lazima. Ukiumia, piga 999 au 112, omba polisi, kisha uombe waokoaji wa milimani. Ishara ya filimbi ni milio sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia.

Kufika huko, panda treni ya Belfast hadi Ballymena, kisha teksi kupitia kijiji cha Broughshane. Patana kabisa na dereva saa ya kukufuata. Msomaji mwenye viza ya Jamhuri ya Ireland azingatie sana: Slemish iko upande wa Uingereza. Barabarani hutaona kizuizi cha mpaka, lakini viza hiyo haikuruhusu kuvuka.

Jina lake la Kiairishi ni Sliabh Mis. Mapokeo yanasema Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ireland, aliyetekwa Britania akiwa na miaka 16, alichunga mifugo hapa kwa miaka sita akiwa mtumwa. Yeye mwenyewe, katika maandishi yake ya Kilatini, hakuutaja mlima huu. Alitaja msitu ulio karibu na bahari ya magharibi. Aliyemhusisha Patrick na Slemish ni Muirchú, mwandishi wa maisha yake, aliyeandika mwishoni mwa karne ya saba. Hata hivyo mahujaji hupanda kila tarehe 17 Machi, sikukuu ya Patrick, na siku hiyo tope huwa baya kuliko kawaida. Anayetaka utulivu achague siku kavu ya Mei au Juni, asubuhi. Anga likiwa safi ataliona ziwa Lough Neagh upande wa kusini magharibi, na ng'ambo ya bahari, pwani ya Uskoti.