Nguzo na paa la Mkunazini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Katika barua yako umeuliza kama ni kweli, kama alivyokuambia yule mtembeza wageni, kwamba zipo nguzo katika Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, na kwa nini hakuna aliyezirekebisha.

Ni kweli. Zitazame zile zilizo nyuma, karibu na birika la ubatizo: taji lililochongwa liko sakafuni na kitako kiko juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha Askofu Edward Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Nadhani aliziacha kwa kuwa nguzo iliyopinduliwa hubeba mzigo vilevile, na yeye alikuwa na shughuli iliyomkosesha usingizi zaidi, nayo ni paa.

Hapo ndipo ungeuliza, mwanangu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hulala juu ya boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, vyumba huwa vyembamba, yapata mita 3, hata katika nyumba za matajiri. Steere alitaka ukumbi mpana usio na boriti hata moja, hivyo akachanganya matumbawe yaliyopondwa na saruji, akamimina tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati na kufunikizwa juu ya kuta. Watu walisema litaanguka. Halikuanguka.

Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipolifunga soko la watumwa lililokuwa mahali hapo. Altare imesimama palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa, na sakafuni mbele yake ipo duara ya marumaru nyeupe iliyozungukwa na nyekundu. Wageni wengi huipita haraka wakizikimbilia nguzo, jambo ambalo hunikera kidogo.

Steere, ambaye kati ya kazi za ujenzi aliendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alifariki mwaka 1882. Kaburi lake liko nyuma ya altare, ndani ya kanisa hilohilo.

Ni mimi mzazi wako,
Baba