Mwalimu, kwani "sprint" si ndio "run"?

SWALI: Mwalimu habari ya masiku. Mimi nauza mitumba Gikomba na jioni ndio napata nafasi ya kuangalia madaftari ya watoto. Sasa juzi huyu wa gredi ya 6 aliambiwa atoe neno "run" kwa sentensi aweke lingine la maana hiyo hiyo, sentensi ni "My father runs a shop", akaangalia kamusi ya simu na ya kwanza pale ni "sprint", basi akaandika "My father sprints a shop". Akawekewa X kubwa nyekundu. Mimi nikamtetea maana si ni kamusi ilisema, mzee naye akacheka mpaka chai ikampalia. Na tena kuna lebo hukuja na nguo imeandikwa "colours may run", mteja akiniuliza namwambia eti rangi inakimbia. Hili neno liko na shida gani?
Mama Brayo, Umoja

JIBU: Mama Brayo, kwanza mwambie mzee apunguze kicheko, mtoto alifanya kosa la mtu mwenye akili. Kamusi haikudanganya. Ni vile ilijibu swali lingine.

Chukua neno letu "piga". Wiki hii pekee pengine umepiga pasi, umepiga deki, umepiga simu, ukapiga magoti ukaomba, na hakuna mtu aliumia. Sasa mgeni anayejifunza Kiswahili afungue kamusi, aone piga ni sawa na chapa, halafu akwambie "Mama Brayo, nitakuchapa simu kesho". Si utashika kiatu? Ndivyo ticha alivyoskia duka la baba likisprintiwa.

Hiyo "run" tangu zamani ni ya miguu na maji pamoja. Ndugu zake kwa Kijerumani bado wako wawili, "rennen" ya kukimbia na "rinnen" ya maji kutiririka, lakini Waingereza walibaki na moja inafanya kazi zote. Kwa hivyo mto una-run, pua ya mtoto wa mafua ina-run, na rangi ya nguo pia, yaani ukiiloweka itatoa rangi, itachuja ichafue zile nyeupe. Mwambie mteja aifue peke yake, na hiyo ya rangi kukimbia uwache kabla hawajaanza kuuliza imekimbilia wapi. Baadaye mashine zikaja, injini ikawa ina-run, siku hizi hata programu ya kompyuta, na mtu anayefanya kitu kiende bila kusimama, awe na duka ama kampuni, naye akawa ana-run.

Usione ni maajabu, sisi tulifanya hiyo hiyo na "enda". Ukiongeza kidogo ni endesha, unaendesha gari, unaendesha biashara, na mtoto akila kitu kibaya... anaendesha pia! Na hapo sasa ndio nilicheka mimi, maana Waingereza nao ugonjwa huo wa tumbo wanauita "the runs". Lugha mbili hazijuani kabisa na zimefika choo kimoja.

Kwa hivyo homuweki ya aina hii ifanyeni hivi, kabla ya kamusi mwulize mtoto hiyo sentensi angeisemaje kwa Kiswahili. Akisema "anakimbia", basi "sprint" ama "jog" ni sawa, ingawa hata hizo si mapacha, moja ni mbio za roho mkononi na nyingine ni ya wale wanazunguka Karura asubuhi. Akisema "anaendesha", atafute upande wa "manage" ama "operate". Akisema "inatiririka", ni "flow". Akisema "anagombea" kiti, ni "contest", na hapo kuna kichekesho kingine, Mmarekani anayetaka kiti huwa ana-run, Mwingereza yeye husimama, anasema "stand", sisi tunagombea kabisa kama watu wanaonyang'anyana gunia.

Na kitu kingine, hata maneno yakiwa na maana moja hayakai nyumba moja. Baada ya Wanormani kuteka Uingereza mwaka wa 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, ndio unapata "begin" ya nyumbani na "commence" ya kuvaa tai. Kwetu kumi na mbili na thenashara ni hesabu ile ile, lakini jaribu kuambia mteja wa Gikomba unamuuzia sweta thenashara uone vile atakuangalia.

SWALI: Mwalimu hapa kwa kibanda tumewekeana soda, mimi nasema neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote ni "set", rafiki yangu anasema "run". Nani analipa?
Kijana wa Githurai

JIBU: Inategemea umesoma lini! Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, lile la mijalada 20, kitenzi "set" ndio kilikuwa bingwa na maana 430, maelezo yake pekee karibu maneno 60,000, na ndani yake kuna jua kutua, jeli kuganda, meza kuandaliwa, mtego kutegwa. Halafu wahariri wakaanza kuipitia upya, walipofika kwa "run" ikatoka na maana 645, na hiyo ni ya kitenzi tu. Kwa hivyo wewe ndio unalipa, pole, lakini mwambie rafiki yako nimesema iwe ya chupa ndogo kwa sababu miaka mingi ulikuwa sawa.