Uliza Shangazi wa Safari: Tashkent tukae au tupitilize Samarkand?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi nakaa Chumbageni hapa Tanga, mwakani Mungu akijalia mimi na mume wangu tunataka kwenda Uzbekistan, hamu yetu kubwa ni Samarkand na Bukhara, tukazuru na kwa Imamu Bukhari. Sasa nimeona picha za Tashkent, mji mkuu wao, vituo vya treni za chini ya ardhi na yale magorofa ya enzi za Wasovieti, nimevutiwa kweli, lakini mume wangu anasema zege ni zege tu, mbona Michenzani ipo hapo Unguja, tutue Tashkent tulale asubuhi tuondoke. Kuna cha kuona au tutapoteza hela? (Mama wa Chumbageni)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tashkent kaeni, tena msikae usiku mmoja wa kutoa uchovu wa ndege, tengeni siku tatu kamili, Samarkand haihami na treni ya kasi ya Afrosiyob inawafikisha kwa kama masaa mawili tu.

Mkwe wangu kuitaja Michenzani hajakosea, mchoro wake ulitoka Ujerumani Mashariki, kwa hiyo ni ukoo mmoja. Ila Tashkent ina kisa chake. Tarehe 26 Aprili 1966 alfajiri watu wamelala, ardhi ikatikisika chini ya mji wenyewe. Waliokufa hawakuwa wengi lakini watu kama 300,000 walibaki hawana pa kulala, maana nyumba nyingi zilikuwa za udongo, na nyingi zilizobaki zimesimama nazo zikaja kubomolewa kupisha mji mpya. Wakaja mafundi kutoka Urusi, Ukraine, Georgia na jamhuri nyingine za Kisovieti, mji ukajengwa upya karibu wote. Kwa hiyo mnachokwenda kuona pale ni mji ulioinuka baada ya msiba, anzeni na mnara wa kumbukumbu ya tetemeko uliowekwa 1976, lile jiwe jeusi lililopasuka lenye alama ya saa na tarehe ya siku ile, halafu ndo mzunguke kwingine.

Na hilo zege lao si zege la Moscow lililohamishwa likaletwa hivihivi. Kule kiangazi joto linafika nyuzi 40, kwa hiyo waliochora majengo wakarudi kwenye panjara, yaani zile kuta za matundu za asili ya kwao zinazovunja jua na kupitisha hewa. Mtu wa Tanga hili haelezwi mara mbili, si ndo matofali ya matundu tunayoweka ngazini na ukumbini kwetu? Kasimameni mbele ya Makumbusho ya Historia, lilijengwa 1970 likiwa makumbusho ya Lenin, mwanzilishi wa dola ya Kisovieti, muone jengo zima jeupe limevishwa panjara. Hoteli Uzbekistan ya 1974 nayo ni hivyohivyo, gorofa 17, umbo la kitabu kilichofunguliwa.

Mimi lakini kinachonigusa zaidi ni nyumba za watu wa kawaida. Nendeni mtaa wa Chilonzor mtembee kwa miguu jioni jua likipungua, mtazame ubavuni mwa magorofa, ule ukuta mkubwa usio na madirisha, mtakuta michoro ya vigae vidogovidogo vya rangi, maua, nyota, nakshi za mazulia yao, kazi nyingi ya hizo ilifanywa na ndugu watatu wa familia ya Zharsky. Hiyo ni nyumba ya fundi wa kiwanda na mwalimu wa shule ya msingi, nguo zimeanikwa, kuna dishi la TV, na ukuta umepambwa kuliko benki. Kuna gorofa jingine refu linaitwa Zhemchug, lilimalizika 1985, humo wameweka nyua za pamoja juu kwa juu, kila baada ya gorofa tatu kuna uwanja wa watoto kucheza na wazee kukaa kama baraza zetu za Ngamiani, kwa sababu wale watu walitolewa kwenye mitaa yenye nyua na aliyechora akajua hawatakubali kufungiwa kwenye vyumba tu. Ila ni makazi ya watu, kabla hamjapanda ngazi ombeni ruhusa kwa mtakayemkuta mlangoni.

Treni ya chini ya ardhi ilifunguliwa 1977, ya kwanza Asia ya Kati yote, na ilijengwa kwa kuhesabia matetemeko. Kupiga picha humo kulikatazwa miaka mingi, ruhusa imetoka 2018, kwa hiyo sasa ivi pigeni kwa raha zenu. Kituo cha kushuka taratibu ni Kosmonavtlar. Ukuta unaanza na buluu ya kupauka unazidi kukolea mpaka mweusi, kama unavyopaa kutoka hewani kwenda gizani angani, na ndani ya miduara mikubwa ya kauri wamo Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani, Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza, na Ulugh Beg, yule mtawala wa Samarkand aliyejenga jengo la kutazamia nyota karne ya 15. Nimesimama pale treni zinapita naziacha. Yaani wamemweka mtu wao wa kale safu moja na wa kwanza kwenda angani, na kwa haki kabisa. Kisha mshuke Alisher Navoiy mtazame kuba za darini, na Paxtakor ambako kuta zimejaa maua ya pamba.

Nauli kutoka Dar mtaunganisha Istanbul au Dubai. Viza ingieni tovuti rasmi ya serikali yao wenyewe, msimpe mtu pasipoti mtaani. Nendeni Aprili, Mei, Septemba au Oktoba.

SWALI: Assalaam alaykum Shangazi. Mimi ni kijana wa madrasa hapa Ngamiani. Wasovieti si ndo waliofunga misikiti kule? Sasa Muislamu kulipa nauli kwenda kushangaa majengo yao si kuwasifia?

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu, swali lako ni la maana sana. Ni kweli walifunga misikiti na madrasa kwa wingi mno, madrasa ya Mir-i-Arab ya Bukhara ilikuja kufunguliwa tena miaka ya 1940 na kwa miaka mingi ilikuwa karibu pekee nchi nzima ya Kisovieti. Na lile ua la pamba pale Paxtakor nalo lina machungu yake, mito iliyoelekezwa kwenye mashamba ya pamba ndiyo ilikuwa ikilisha Bahari ya Aral, ikakauka sehemu kubwa sana. Hayo yote yajue kabla hujaenda, sitaki uende ukiwa hujui.

Lakini kutazama si kusifia. Sisi Tanga Boma la Mjerumani tumeligeuza makumbusho, tunapeleka watoto wa shule, na hakuna anayesema tunamsifia Mjerumani. Tena waliochanganya zege na kupanga vigae Tashkent wengi ni watu wa palepale, Waislamu, na wajukuu zao ndo wanaoishi humo. Kuna sanamu moja nakuomba uitafute, ya familia ya Shamakhmudov, mhunzi na mkewe waliochukua watoto yatima 15 wakati wa Vita Kuu ya Pili, watoto wa makabila na dini mbalimbali. Iliwahi kuondolewa pale katikati ya mji, watu wakaumia, baadaye ikarudishwa.

Na ukiweza usichelewe. Dom Kino, jumba la sinema la Tashkent, limeshabomolewa kupisha majengo mapya ya biashara, na mji ule tangu 1968 ulikuwa na tamasha la filamu lililowaita watengeneza filamu wa Asia na Afrika, yaani na sisi tuna sehemu yetu pale. Inaniuma kila nikikumbuka.

SWALI: Shangazi chakula vipi, halali kinapatikana? Na ule msahafu wa Sayyidna Uthman ni kweli upo? (Baba Zuhura, Makorora)

JIBU: Halali tele, baba, nchi ni ya Waislamu wengi. Kula osh, pilau lao la karoti, nyama ya kondoo na bizari nyembamba, linapikwa kwenye sufuria kubwa za chuma na linaliwa mchana, ukienda jioni sehemu nyingi limeisha. Juu yake mara nyingine wanaweka vipande vya nyama ya farasi, kama huitaki sema kabla hawajapakua. Kununua mkate na matunda nenda soko la Chorsu, chini ya lile kuba la buluu la 1980.

Msahafu unaosemwa ni wa Sayyidna Uthman upo palepale Tashkent, eneo la Hast Imam. Warusi waliuchukua Samarkand 1869 wakaupeleka St. Petersburg, baada ya mapinduzi ya 1917 Lenin akawakabidhi Waislamu wa Ufa, mji wa hukohuko Urusi, na 1924 ukarudishwa Turkestan, ndilo jina la zamani la eneo la Tashkent na Samarkand. Fika asubuhi kabla makundi ya wageni hayajajaa, na mama Zuhura asisahau mtandio.